Kaboni Bado Nene: Kinachoua Sili za Pampu Kabla ya Wakati

Kila pampu inayozungushwa na mota ina tundu moja lisiloepukika: pale shafti inapotoka kwenye bodi ya pampu kwenda kukutana na mota. Ndani ya bodi kuna kimiminika chenye shinikizo, nje kuna hewa na sakafu ya kiwanda, na katikati kuna chuma kinachozunguka mchana na usiku. Tundu hilo haliwezi kuzibwa moja kwa moja, maana shafti lazima izunguke, wala haliwezi kuachwa wazi. Sili ya mitambo, ambayo mafundi wengi huiita sili tu, ndiyo iliyokabidhiwa kazi ya kusimama hapo. Mara nyingi ni kifaa cha kuenea kiganjani, lakini kikiharibika, pampu yenye uzito wa tani nzima husimama.

Kabla ya sili kulikuwa na pakingi, na hadi leo ipo katika pampu nyingi za maji: kamba iliyosukwa na kupakwa mafuta au grafaiti, inakatwa vipande vya pete, inapangwa kuizunguka shafti, kisha inabanwa kwa glandi yenye boliti mbili. Pakingi iliyofungwa vizuri hudondosha. Matone yanayofuatana ndiyo yanayoipoza, na pakingi isiyodondosha huungua na kuichimba shafti mfereji. Matone yakizidi, fundi huongeza kidogo kwenye nati, husubiri, hutazama tena. Mazoea hayo ya mkono ni mazuri kabisa kwa pakingi, lakini yakipelekwa kwenye sili huwa sumu.

Sili hufanya kazi kwa njia nyingine. Ina pete mbili zinazotazamana: moja hufungwa kwenye shafti na kuzunguka nayo, nyingine hukaa kwenye glandi bila kusogea. Springi huzisukuma zikutane, na shinikizo la kimiminika huongezea nguvu yake. Nyuma ya kila pete kuna oringi ya raba inayoziba njia ya pili ya kuvujia. Uso wa pete moja kwa kawaida ni wa kaboni na grafaiti, laini kiasi na wenye kujilainisha, na wa pili ni mgumu, wa silikoni kabaidi, tangsteni kabaidi au seramiki.

Kusema kwamba nyuso hizo mbili zinagusana ni kweli nusu tu. Kati yake hupita utando wa kimiminika kilekile kinachosukumwa na pampu, wenye unene wa karibu mikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu una unene wa mikroni zipatazo 70. Utando huo ndio unaolainisha nyuso na ndio unaozipoza. Ukiwapo, sili huishi miaka. Ukikatika, nyuso husagana zikiwa kavu. Ili utando mwembamba namna hiyo uweze kukaa, nyuso husuguliwa kiwandani hadi ziwe bapa kuliko kioo cha dirisha. Ubapa wake hupimwa kwa taa ya heliamu na kioo maalumu: mwanga huchora mistari myeusi juu ya uso, na kutoka mstari mmoja hadi mwingine ni tofauti ya mikroni 0.29. Uso unaofaa huruhusiwa mistari miwili au mitatu.

Kazi inayofanywa na utando huo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Tuseme sili ina kipenyo cha wastani cha milimita 60, kwenye mota ya mizunguko 2,900 kwa dakika. Uso wake hukimbia mita 9 kila sekunde. Kwa siku moja hiyo ni zaidi ya kilomita 780, karibu sawa na safari ya barabara kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya. Kiwango cha API 682 cha Taasisi ya Petroli ya Marekani, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1994, kililenga sili ifanye kazi saa 25,000 bila kubadilishwa, yaani takriban miaka mitatu. Kwa sili ya mfano huu, saa hizo ni zaidi ya kilomita 800,000: kwenda mwezini na kurudi. Na kilichowekwa kilike katika safari yote hiyo ni milimita chache tu za kaboni.

Sili basi ina kifo kimoja cha haki: kaboni kuisha kwa kusuguliwa polepole, mpaka hakuna tena cha kusugua. Sili nyingi zinazotupwa kwenye pipa la karakana hazikufa hivyo. Ukizichukua na kuzitazama, kaboni bado nene, imebaki milimita zake karibu zote. Kuna kitu kingine kilichoziua, na kitu hicho mara nyingi hakimo ndani ya sili yenyewe. Kimo kwenye pampu, kwenye bomba, kwenye kimiminika, au kwenye mikono iliyoifunga.

Chanzo kikali kuliko vyote ni ukavu. Pampu huwashwa kabla haijajazwa maji. Tangi huisha usiku na hakuna aliyeliangalia. Chujio la upande wa kuvuta huziba kwa majani na matope. Valvu ya chini kisimani hupitisha na safu ya maji hushuka. Katika hali zote hizo impela, gurudumu linalosukuma maji ndani ya pampu, huzunguka hewani na nyuso za sili hukosa utando. Joto hupanda kwa sekunde, si kwa saa. Kaboni huungua, oringi iliyo karibu hukauka na kuwa ngumu kama plastiki, na uso mgumu hupata nyufa ndogo zinazotoka katikati kwenda nje, kama ardhi ya mbuga wakati wa kiangazi. Linalofuata ni baya zaidi: maji yanaporudi ghafla, baridi hukutana na uso uliochemka. Pete ya seramiki haivumilii hilo. Hupasuka vipande viwili au vitatu papo hapo, na mwendeshaji hubaki akiamini kwamba sili imepasuka kwa sababu ilikuwa mbovu tangu dukani.

Hewa kidogo inatosha kuleta ukavu, hata bomba likiwa limejaa. Shafti inapozunguka, kimiminika kilicho kizito hutupwa pembeni, na hewa iliyo nyepesi hukusanyika karibu na shafti, palepale zilipo nyuso. Kwenye pampu za wima ni hatari zaidi, kwa kuwa chumba cha sili kiko juu kabisa na hewa yote ya mfumo hukimbilia huko. Ndiyo maana chumba hicho huwekewa skrubu ya kutolea hewa. Skrubu hiyo hugusana na spana kwa dakika moja tu kabla ya kuwasha, na dakika hiyo ikirukwa hakuna geji itakayosema lolote.

Upo pia ukavu unaotokea pampu ikiwa imejaa pomoni. Kila kimiminika huchemka kinapofika joto fulani chini ya shinikizo fulani, na msuguano wa nyuso huongeza joto juu ya lile lililomo kwenye bomba. Maji ya nyuzi 90, mafuta mepesi, gesi ya kupikia iliyosukumwa ikiwa kimiminika: vyote hivi viko karibu na kuchemka kabla havijafika kwenye sili. Vikipita kati ya nyuso, hugeuka mvuke katikati ya safari. Utando hupasuka, nyuso hurushwa mbali kidogo na kugongana tena, na mlio wa kupasukapasuka husikika kwa aliye karibu. Alama yake ni kingo za kaboni zilizomeguka vipande vidogovidogo, kama zimetafunwa.

Katika Afrika Mashariki suala hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya miinuko. Pwani, shinikizo la hewa linaweza kupandisha safu ya maji hadi mita 10.3. Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, uwezo huo ni mita 8.3 hivi, na maji huchemka kwenye takriban nyuzi 94 badala ya 100. Pampu iliyovuta maji bila shida Mombasa, ikihamishiwa Nairobi na kufungwa kwa vipimo vilevile, imekwisha kupoteza mita mbili za akiba yake. Ikikosa shinikizo la kutosha upande wa kuvuta, mapovu ya mvuke huzaliwa kwenye mdomo wa impela na kupasuka yanapofika penye shinikizo kubwa. Mlio wake ni kama wa kokoto zinazopita ndani ya bomba. Mapovu hayo hula chuma cha impela, na kila povu linalopasuka huitikisa shafti. Sili iliyoshikwa na shafti inayotetemeka haina namna ya kutulia.

Hapo ndipo sababu za shafti zinapoanzia, na ndiko hasa uchunguzi mwingi unakoishia mapema mno. Shafti huonekana imara kwa macho, lakini chini ya mzigo hupinda. Kiwango cha API 610 cha pampu za mafuta kinaitaka shafti isipinde zaidi ya milimita 0.05 penye sili, kipimo kisichozidi unene wa unywele. Kila pampu ina kiasi cha mtiririko ambacho ilichorewa, na hapo nguvu za kimiminika huizunguka impela kwa usawa. Valvu ya kutolea ikibanwa ili mtiririko upungue, usawa huo huvunjika, impela husukumwa upande mmoja na shafti hupinda kuelekea huko. Kubana valvu ili kupunguza maji ni jambo linalofanywa kila siku bila kufikiriwa mara mbili. Mwendeshaji anaona amedhibiti mtiririko. Kwenye sili, uso mmoja umeanza kwenda pembeni ya mwenzake.

Kapilingi inayounganisha mota na pampu, isiponyooka, hufanya vivyo hivyo. Mota na pampu huwekwa kwenye mstari mmoja kwa kipimo cha sehemu za mia za milimita, na wengi huishia hapo, vyuma vikiwa baridi. Lakini chuma hutanuka. Mita moja ya chuma huongezeka milimita 0.012 kwa kila nyuzi moja ya joto. Pampu ya maji moto ambayo shafti yake iko sentimita 40 juu ya miguu yake, miguu hiyo ikipata joto la nyuzi 80 zaidi, shafti hupanda karibu milimita 0.4, ilhali mota jirani yake haijasogea. Mstari ulionyooka asubuhi umepinda kufikia adhuhuri. Ndiyo sababu pampu za kazi za moto hushikiliwa kwenye usawa wa shafti badala ya kusimamishwa kwa miguu, na zile zenye miguu hupangwa kwa makusudi chini kidogo ya mota zikiwa baridi.

Mabomba nayo husukuma. Flanji ya bomba isipokutana vizuri na flanji ya pampu, kuna karakana ambako hufungwa mnyororo wa kunyanyulia mizigo, bomba likavutwa kwa nguvu mpaka matundu yalingane, boliti zikapita na kazi ikaonekana imekwisha. Mnyororo ukiachiwa, bomba hutaka kurudi lilikotoka, na kwa kuwa limefungwa, huivuta bodi ya pampu. Beringi huanza kula upande mmoja na glandi haikai tena mraba kwa shafti. Uso wa sili usio mraba hulazimika kuyumba mbele na nyuma mara moja kwa kila mzunguko, na springi huurudisha kila mara. Kwenye mizunguko 2,900 kwa dakika, hiyo ni zaidi ya mara milioni nne kwa siku. Springi huchoka na kukatika, pini zinazozungusha pete huliwa na kuwa nyembamba, na oringi inayosogea mahali pamoja huikwangua shafti mpaka itokee mfereji mdogo unaong'aa. Ni mfereji wa kuhisi kwa ukucha tu, na maji hayahitaji zaidi ya huo.

Beringi iliyokwisha ina ubaya wa kujirudia. Shafti hucheza, sili huvuja, maji yanayovuja hurukia kwenye boksi la beringi na kuingia kwenye mafuta, beringi huharibika zaidi. Fundi akibadilisha sili bila kugusa beringi, duara hilo huanza upya, na akibadilisha beringi bila kuziba uvujaji, ni vilevile.

Kimiminika chenyewe kina njia zake za kuua. Maji ya mto wakati wa masika hubeba mchanga mwembamba. Chembe moja ikiingia kati ya nyuso, hujichimbia kwenye kaboni iliyo laini na kugeuka msasa dhidi ya uso mgumu. Ndipo ajabu hutokea, kwamba uso mgumu ndio unaopigwa mifereji huku kaboni ikiwa haijaliwa sana. Kwa kazi kama hizo hutumika nyuso ngumu zote mbili, au maji safi huletwa kutoka nje na kusukumwa mbele ya sili ili uchafu usikaribie.

Sukari ni kisa tofauti. Sharubati nzito inayozunguka kwenye viwanda vya sukari ikipenya kiasi kidogo hadi upande wa hewa, maji yake hukauka na fuwele hubaki nyuma ya nyuso. Fuwele hizo hugandisha springi na kuifunga pete isisogee. Pampu ikizimwa kwa usafi wa wiki, sukari hugandisha nyuso zenyewe zikashikana, na siku ya kuwasha, mota huzitenganisha kwa nguvu na kuing'oa kaboni. Miyeyusho ya magadi na ya soda kali hutenda vivyo hivyo. Dawa yake ni maji kidogo au mvuke wa shinikizo dogo upande wa nje wa nyuso, ili kinachopenya kioshwe kabla hakijakauka. Mafuta yenye nta nayo huganda yanapopoa. Mafuta ghafi ya Hoima ni ya namna hiyo, na ndiyo sababu bomba la kilomita 1,443 kutoka huko hadi Chongoleani, Tanga, limechorwa liwe la kupashwa joto njia nzima. Pampu ya mafuta kama hayo ikiwashwa kabla chumba cha sili hakijapata moto, kaboni hukutana na kitu kinachokaribia kuwa mshumaa.

Raba inahitaji neno lake, kwa sababu kosa lake hutendeka kimya. Oringi nyeusi zote hufanana mkononi, lakini hazifanani kabisa ndani ya pampu. Nitraili huvumilia mafuta na huwa ngumu ikikaa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 100. EPDM ni rafiki wa maji moto na soda, lakini ikigusana na mafuta ya petroli huvimba mpaka haitambuliki. Raba za jamii ya Viton hukaa vizuri kwenye mafuta na asidi nyingi, lakini mvuke na maji ya moto sana huzila. Oringi ya EPDM inaweza kuharibiwa hata kabla ya pampu kuwashwa: fundi anaipaka grisi ya kawaida ili iteleze kwenye shafti, na grisi hiyo ni mafuta ya petroli. Baada ya siku chache imevimba, imebana, pete ya sili haisogei tena kufuata mwenzake, na uvujaji huanza. Maji ya sabuni au grisi ya silikoni ndiyo yanayofaa. Stoo nayo huua raba: oringi iliyotundikwa kwenye msumari dirishani, ikipigwa na jua, imezeeka kabla ya kuuzwa.

Na ufungaji. Benchi huwa na vumbi, na vumbi la chuma ni gumu kuliko kaboni. Kidole kikigusa uso uliosuguliwa huacha mafuta na chembe ambazo unene wake unaushinda utando wenyewe. Uso hushikwa kwa kingo, na ukiguswa hufutwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi pamoja na kisafishio kinachokauka. Njia ya oringi kwenye shafti hupita juu ya mfereji wa funguo na ngazi zenye kingo kali kama wembe. Ukingo huo usipofunikwa kwa utepe au kupunguzwa kwa tupa, hukata ulimi mwembamba wa raba, na ulimi huo huonekana tu sili inapofunguliwa tena. Springi hukazwa kwa urefu uliopimwa: ikibanwa mno, nyuso hukosa utando na kuungua, ikiachiwa mno, hufunguka.

Sili za siku hizi huja zimeunganishwa kama kifurushi kimoja, na vibanzi vya kuzishikilia katika kipimo chake mpaka zifungwe. Vibanzi hivyo huondolewa baada ya kila kitu kukazwa na kabla ya kuwasha. Vikisahauliwa, sili husagwa kwenye mzunguko wa kwanza.

Kisha hurudi yale mazoea ya pakingi. Sili mpya ikidondosha matone machache siku ya kwanza, mkono uliolelewa na pakingi huenda kwenye nati ya glandi. Lakini glandi ya sili haibani nyuso; inashikilia pete iliyosimama. Kuikaza zaidi, tena upande mmoja, huipinda pete hiyo kwa mikroni chache, na mikroni chache ni mara kadhaa ya unene wa utando. Uvujaji huongezeka, nati hukazwa tena. Inauma kuona fundi hodari, mwenye miaka ishirini ya pakingi, akiiharibu sili nzuri kwa uangalifu wake wote kwa sababu hakuna aliyemweleza tofauti.

Bomba dogo la kuoshea sili hupitwa na macho ya wengi. Pampu nyingi huchukua kimiminika kidogo kutoka upande wa kutolea na kukirudisha kwenye chumba cha sili, kupitia tundu lenye kipenyo cha milimita tatu hivi. Kipande cha kutu au uzi wa gasketi huliziba tundu hilo. Baada ya hapo joto la nyuso halina pa kwenda. Kulishika bomba hilo kwa kiganja, kwa tahadhari, huku pampu ikifanya kazi, husema mengi: likiwa baridi ilhali pampu ina moto, hakuna kinachopita.

Gharama ya kubadilisha sili bila kutafuta kilichoiua haiishii kwenye bei ya sili. Tarehe 8 Aprili 2004, katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha Ciniza, karibu na Gallup, jimbo la New Mexico nchini Marekani, sili ya pampu moja ilikuwa mbovu na wafanyakazi walijiandaa kuitoa pampu ikatengenezwe. Valvu ya kuitenga pampu hiyo hufungwa kwa robo mzunguko. Waendeshaji walitazama mkono wake: umekingama na bomba, basi imefungwa. Lakini mkono huo ulikuwa umechomekwa upande usiofaa, na valvu ilikuwa wazi. Alama iliyokuwa kwenye shina la valvu ilionyesha ukweli. Haikuaminiwa kuliko mkono. Pampu ilipofunguliwa, mafuta mepesi ya moto yalifoka kwa shinikizo na kushika moto ndani ya muda usiofika dakika moja. Wafanyakazi sita walijeruhiwa, na hasara ilizidi dola milioni 13. Bodi ya Usalama wa Kemikali ya Marekani ilipochunguza, ilikuta kwamba katika mwaka mmoja uliotangulia pampu za kuzungushia mafuta hayo zilikuwa zimeandikiwa hati za matengenezo 23 kwa sababu ya sili au pampu kukwama. Kila mara kiwanda kilitengeneza kilichoharibika. Kilichokuwa kikiharibu hakikutafutwa. Kila sili inayokufa mapema huwalazimu watu kufungua chombo ambacho kingeweza kubaki kimefungwa.

Ushahidi wa kilichoiua sili upo, na haugharimu chochote zaidi ya subira. Umo kwenye sili iliyotolewa, mradi haijaoshwa. Fundi huiweka juu ya karatasi safi na kuisogeza kwenye taa. Kwanza hutazama njia iliyochorwa kwenye uso mgumu. Ikiwa na upana uleule wa kaboni, shafti ilizunguka sawasawa. Ikiwa pana kuliko kaboni, shafti ilikuwa inacheza, na jibu liko kwenye beringi, kapilingi au valvu iliyobanwa. Ikiwa inaonekana upande mmoja na kufifia upande wa pili, pete iliyosimama ilipindwa, na boliti za glandi ndizo za kuulizwa. Nyufa zinazotoka katikati kwenda nje ni joto la ukavu. Kingo zilizomeguka ni mvuke. Malengelenge kwenye kaboni huonekana zaidi kwa mafuta mazito ya moto, hasa pampu inayozimwa na kuwashwa mara kwa mara: mafuta hupenya ndani ya kaboni, hutanuka na kuinua vigamba. Masizi magumu meusi upande wa hewa ni mafuta yaliyopikwa yakawa mkaa. Mifereji kwenye uso mgumu ni mchanga. Kisha hugeuza oringi: ngumu na yenye nyufa ni joto, laini na iliyovimba ni kemikali isiyoelewana nayo, na iliyokatwa ulimi ni mkono wa mfungaji. Mwisho pini na springi, kwa ukucha, kutafuta palipoliwa.

Alama mbili au tatu huweza kukaa kwenye sili moja, na kazi ya fundi ni kupanga ipi ilianza. Nyufa za joto juu ya njia pana zinaweza kumaanisha kwamba beringi ililegea kwanza, nyuso zikaachana, utando ukapotea, kisha ndipo joto likaja. Hapo kumbukumbu za mwendeshaji husaidia kuliko hadubini: sili ilianza kuvuja pampu ikiwa imewashwa au imezimwa, ghafla au kidogokidogo, baada ya kusafisha tangi au baada ya kubadilisha mota.

Sili ya zamani hupigwa picha kabla ya kuguswa na kitambaa, hutiwa kwenye mfuko pamoja na kadi yenye namba ya pampu, tarehe, saa ilizofanya kazi na unene wa kaboni uliobaki, na mfuko huwekwa kando ya mingine ya pampu hiyohiyo. Shafti hupimwa kwa geji ya saa, beringi huzungushwa kwa mkono na kusikilizwa, boliti za flanji hulegezwa kuona kama bomba litaruka pembeni. Baada ya hayo ndipo sili mpya huchukuliwa stoo.